Mama Hali Mbele ya Mkwe

Siku tuliyompeleka mama yangu kula mgahawani Lusahunga, niliamka nikiogopa. Nilikuwa nimepanga kila kitu, mpaka mahali pa kukaa kila mtu, na kadiri nilivyozidi kupanga ndivyo nilivyozidi kuona namna mambo yanavyoweza kuharibika.

Nieleze kwanza kwa nini mlo mmoja wa mchana ulinikosesha raha kiasi hicho. Mama yangu anaishi peke yake Keza, kule Ngara, tangu baba alipofariki. Mimi nimeolewa Nyabusozi, Biharamulo, kwa Ndassa, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Masika ya mwaka huu mama aliteleza jikoni kwake, akaumia nyonga, akalala pale chini kwenye majivu usiku kucha. Waliomwokoa ni mbuzi. Walilia kwa njaa mpaka jirani, mzee Abeli, akaja kuuliza kulikoni. Tangu hapo simu yangu ikiita alfajiri naipokea kabla haijaita mara ya pili. Nilitaka mama aje akae kwangu. Basi. Sikutaka kitu kingine chochote duniani mwaka huu.

Mama alikataa, na hakukataa kwa sababu mume wangu ni Msukuma. Ndassa anampenda sana, ila anampenda kwa mbali. Alikataa kwa sababu ya kula. Kwetu mama hali mbele ya mume wa binti yake. Hamwoni akitafuna, naye haonwi akitafuna, na anayekiuka hilo anaona aibu mpaka kwenye kucha. Wasukuma nao wana adabu hiyo hiyo, tena akina Ndassa wameishikilia kuliko sisi, kwa hiyo mimi nilikuwa nimebanwa pande zote mbili. Nice, binti yangu mkubwa, alipozaliwa, mama alikuja kunihudumia. Alikuwa akila chumbani amejifungia, khanga kichwani, kama mtoto aliyeiba sukari, na Ndassa naye akawa anakwenda kula kwa jirani. Hazikupita siku nyingi mama akafunga mzigo wake.

"Karista," aliniambia, maana ulimi wake haujawahi kuipenda herufi l ya jina langu, "nitaishije nyumba ambayo kijiko kikigonga sahani mimi nataka kujificha?"

Na nyumba yenyewe haisaidii. Jiko letu ni nguzo nne na bati. Mtu akikaa pale kula, anaonekana kutoka mlangoni, kutoka zizini, na hata kutoka barabarani.

Ndipo nikapata wazo la mgahawa. Nilijiambia hivi: kwangu ni nyumba ya mkwe, kwa mama ni nyumba ya mama mkwe, lakini mgahawani si nyumba ya mtu. Pale kila mtu ni mgeni, na mgeni husamehewa. Wakiweza kula pamoja mara moja tu, hata matonge mawili, aibu itakuwa imeshavunjika na mengine tutajifunza. Nikachagua Lusahunga, kwenye njia panda, kwa sababu magari ya kutoka Ngara yanapita hapo na sisi tunafika kwa pikipiki.

Mama alikubali kuja, lakini alinipa sharti kwenye simu. "Nitakuja kuwaona wajukuu. Nikishindwa kula, mwanangu, usinitajie tena habari ya kuhama. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Baada ya kukata simu nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikajuta.

Ndassa nilimweleza mpango wote. Hakupinga. Ndassa hapingi kitu, hunyamaza, na mimi kunyamaziwa kunanikera kuliko kutukanwa. Kiangazi kizima tulikuwa tumegombana kimya kimya hivyo juu ya matofali. Alifyatua matofali, akayachoma, akayapanga nyuma ya nyumba na kuyafunika nyasi. Nikamwambia tuyauze, watoto hawana sare. Akasema, "Yana kazi yake." Kazi gani? Kimya. Nikajua ni banda la ndama, maana ndama wa mtu huyu wanalala vizuri kuliko mimi. Nikaacha kuuliza, ila kila nilipopita pale nilikuwa nayasonya.

Sasa, wiki ile ile ya kwenda Lusahunga redio ilikuwa na kipindi cha familia, na mtangazaji alizungumzia kula nje na watoto na wazee bila ugomvi. Nilisikiliza huku nikipepeta mchele, nikashika kila neno. Agizeni chakula mapema ili watoto wasisubiri. Kaeni mbali na mlango. Kila mtoto apewe kazi yake. Simu ziwekwe pembeni. Na mwisho akasema, kwa sauti tamu kabisa, kwamba familia iliyopoa hupashwa moto na sinia moja, mkono wa huyu ukutane na mkono wa yule. Nikapiga simu palepale kwa Idefonsi, mwenye mgahawa, nikaagiza sinia moja kubwa: nusu ndizi kwa ajili ya mama, nusu ugali kwa ajili ya Ndassa, nyama ya ng'ombe katikati. Nilijiona mjanja. Hebu fikiria, mwanamke anayejua kwamba tatizo zima ni watu wawili kutoonana wakila, anakwenda kuagiza chombo kimoja!

Tulifika Lusahunga mapema, wanne kwenye pikipiki moja, mwanangu mdogo Derick mbele kwenye tangi na Nice amebanwa katikati yetu. Malori ya kwenda mpakani Rusumo yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, madereva wakinawa nyuso kwa madumu. Mgahawa wa Idefonsi uko nyuma kidogo ya maegesho hayo, una meza zenye vitambaa vya plastiki vya maua na televisheni inayopiga kelele ukutani. Nilichagua meza ya ndani kabisa, mbali na mlango, kama redio ilivyosema. Nikapanga viti. Mama upande huu, Ndassa upande ule, mimi katikati kama ukuta, watoto pembeni. Nikavipanga tena. Nikamwita Nice.

"Kazi yako leo ni moja," nilimwambia. "Usimuulize bibi kwa nini hali."

"Kwani hali?"

"Atakula. Wewe usiulize."

"Na baba akiuliza?"

"Baba hataulizwa wala hatauliza! Funga mdomo, mama, nakuomba." Nice yuko darasa la pili na mdomo wake hauna breki. Nikamtazama Ndassa anisaidie, nikamkuta anaitazama kofia yake. Jasho lilikuwa linamtoka puani, na yeye ni mtu anayemkamata dume la ng'ombe kwa pembe bila kuhema.

Mama alishuka kwenye Noah ya abiria mkono mmoja ukiwa umeshika kikapu cha ndizi mbivu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Niliona anavyoukanyagia ule mguu wa nyonga mbovu, kwa kuuvuta kidogo. Watoto walimkimbilia. "Shikamoo bibi! Shikamoo bibi!" Akawakumbatia, akawanusa vichwa.

Ndassa alisimama mbali, kofia kifuani, macho kwenye vumbi. "Shikamoo, mayu." Ndivyo anavyomwita, kwa Kisukuma, mama.

"Marahaba," mama alijibu kwa sauti ndogo, khanga mdomoni, macho kwenye malori. Kati yao ng'ombe angeweza kupita na mkokoteni wake.

Tuliingia ndani. Nilimkalisha mama, nikageuka kumkalisha Ndassa, nikakuta hayupo. Ameenda kuangalia tairi, Nice alisema. Nikamfuata nje. Kweli alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Baba Nice, njoo ukae."

"Nitakula nikirudi nyumbani."

"Ukila nyumbani mama yangu atakufa peke yake jikoni. Njoo ukae."

Aliinuka. Alikuja akakaa kwenye ukingo wa kiti, ubavu ukielekea mlangoni, tayari kwa safari. Mama naye alikuwa amekaa ukingoni, ubavu upande wa pili. Ungewaona ungedhani wanasubiri magari tofauti. Mimi katikati nikaanza kuongea. Niliongea juu ya mvua iliyochelewa, bei ya mahindi, harusi ya mtoto wa jirani, kikohozi cha Derick. Nilipomaliza nikarudia mvua.

Ndipo Idefonsi akatokea na sinia.

Ni mtu mchangamfu, wa kutoka upande wa Muleba, na mimi mwenyewe kwenye simu nilikuwa nimempa umbea wote wa nani anakuja. Alilibeba sinia juu ya bega, akalitua katikati ya meza, mvuke ukapanda. Lilikuwa limepangwa vizuri, siwezi kusema uongo. Ndizi za manjano huku, ugali mweupe kule, nyama na mchuzi katikati. Akamwaga maji ya kunawa kwa watoto, akaninawisha mimi, kisha akasimama kati ya mama na Ndassa, birika mkononi.

"Haya, mkwe!" alisema kwa sauti ya mtu anayeongoza sherehe. "Leo usione aibu. Mmegee mama mkwe nyama!"

Madereva wa meza ya jirani waligeuka kutazama. Mmoja akacheka, si kwa ubaya, ila alicheka. Mama alikuwa ameshanyoosha mikono anawe. Akairudisha polepole ndani ya khanga, kisha akaivuta khanga yenyewe mpaka kwenye paji la uso. Ndassa alikuwa mwekundu wa masikio, na yeye ni mweusi tii. Nilitamani sakafu ya Idefonsi ipasuke, ianze kunimeza mimi na ile redio.

"Mimi nimeshiba," mama alisema. "Nilikunywa uji."

"Tumbo langu halijakaa vizuri," Ndassa aliliambia sinia.

"Ah, jamani!" Idefonsi alishangaa. Nikamtazama kwa jicho ambalo hata yeye alilielewa. Akaondoka na birika lake.

Watoto walianza kula. Derick alichovya mkono mzima kwenye mchuzi, akaupaka mezani, na mimi nikamfuta, nikamfuta tena hata alipokuwa safi. Mafuta ya nyama yalianza kuganda pembeni. Nzi mmoja akatua kwenye ugali, nikampiga kwa hasira zote nilizokuwa nazo. Nilimega ndizi nikaziweka kwenye kisosi, nikamsogezea mama. Akakisogeza kwa Derick. Nilimega tena. Akamsogezea Nice.

"Bibi," Nice alisema.

"Nice!" nilisema.

"Nilikuwa nataka kusema tu asante."

Mama alimpapasa kichwa. Kisha akauliza kile nilichokuwa nakiogopa tangu asubuhi. Aliuliza taratibu, bila lawama. "Karista, magari ya kurudi Ngara yanapita mpaka saa ngapi?"

Hapo nikashindwa. Ningejikaza, ningesema yapo mengi mama, kaa kwanza. Lakini nilikuwa nimejikaza tangu masika na nguvu zilikuwa zimeisha. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Yapo mama, nenda! Nenda ukalale kwenye majivu. Safari hii mbuzi wakilia na mzee Abeli hayupo, nani atakuja? Nani? Yaani tonge moja la ndizi ndilo linalokushinda mpaka ufe peke yako? Na wewe," nikamgeukia mume wangu, "unaangalia tairi! Mama yangu anaisha, wewe unaangalia tairi!"

Nice aliacha kutafuna. Mama alinitazama, na machoni hakuwa na hasira, alikuwa na aibu, na aibu hiyo nilimpa mimi mbele ya madereva wa watu. Nilitamani nizirudishe zile kelele mdomoni. Mama aliinuka. Akachukua kikapu chake, akautanguliza ule mguu mzima, akauvuta mwingine, akaelekea mlangoni.

Ndassa naye akainuka.

Nikasema basi, imekwisha. Huyu anakwenda kwenye pikipiki, yule anakwenda kwenye gari, na mimi nitabaki na sinia. Nilifunika uso kwa viganja. Nikasikia mlio wa meza ikiburuzwa kwenye saruji, mlio wa kuchoma masikio, nikafunua uso.

Ndassa alikuwa anaburuza meza ndogo iliyokuwa tupu. Aliisogeza mpaka ukutani, nyuma ya kiti alichokuwa amekaa mama. Akaenda kwa Idefonsi, akarudi na sahani mbili. Kwenye moja akapakua ugali na nyama, akaipeleka kwenye meza yake ya ukutani. Nyingine aliiacha tupu mbele ya kiti cha mama. Kisha akakaa, uso kwenye ukuta, mgongo kwetu sote, akatulia hivyo.

"Nice," aliita, bila kugeuka.

"Abee baba."

"Mwambie bibi yako kwamba mimi hapa nilipo naona ukuta tu."

Mama alikuwa amefika mlangoni, mkono kwenye fremu. Alikuwa amesikia kila neno, kama walivyosikia madereva wote. Lakini Nice alishuka kitini, akaenda mpaka kwa bibi yake, akasimama wima kama yuko mstarini shuleni. "Bibi, baba anasema anaona ukuta tu."

Nje lori liliwashwa, likanguruma, likaondoka, na mama bado amesimama.

"Muulize," mama alisema mwishowe, "ukutani kuna nini?"

Nice akarudi. "Baba, bibi anauliza ukutani kuna nini."

"Kalenda. Ya mwaka jana."

"Bibi, kuna kalenda ya mwaka jana!"

Mdomo wa mama ulicheza kidogo upande mmoja. Akarudi, akauvuta mguu wake, akaweka kikapu chini. Alikishika kiti chake mwenyewe, akakirekebisha mpaka mgongo wake ukaelekeana na mgongo wa Ndassa, katikati yao pakiwa na nafasi ya kupitisha mkono tu. Hivyo yeye alituona sisi, na Ndassa aliona kalenda, na hakuna kati yao aliyemwona mwenzake. Nilimnawisha mama mimi mwenyewe. Maji mengi yakamwagikia vitenge vyetu.

Nilimpakulia ndizi. Alichukua kipande kimoja akakishika. Alikishika muda mrefu mpaka nikaanza kukichukia kile kipande. Alikipeleka karibu na mdomo, akasikiliza. Nyuma yake Ndassa alikuwa hajaanza kula naye. Nikaelewa kwamba wanasubiriana, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kusikika. Nikachukua kijiko nikaanza kukigongagonga kwenye sinia bila sababu, nikamwambia Derick naye agonge chake, na Derick kwa kazi hiyo hahitaji kuombwa mara mbili. Katika zile kelele mama akatia ndizi mdomoni.

Akatafuna. Nilimwona akitafuna, mkono ukiwa umefunika mdomo, macho kwenye kitambaa cha meza.

Wakati ule ule, jikoni kwa Idefonsi, mfuniko wa sufuria kubwa ukaanguka kwenye saruji. Ulipiga mlio wa kutisha, ukaviringika, ukapiga tena. Madereva wote waligeuka. Mimi niligeuka. Idefonsi akapiga kelele ya "samahani wateja!" Mama, ndizi ikiwa mdomoni, alijikunja wote, khanga juu, mabega yamepanda masikioni, akisubiri kuonekana.

Nikamtazama Ndassa. Hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imesimama palepale, imekaza mpaka mshipa unaonekana, pua kwenye kalenda ya mwaka jana. Mtu mzima, mfuniko umeanguka nyuma yake kama bomu, na hata sikio halikucheza.

Mama aliishusha khanga kidogo kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Yeye ndiye aligeuka. Aligeuza kichwa juu ya bega, akaitazama ile shingo ya mkwe wake kwa muda. Akamwona jinsi alivyokaza. Akarudisha uso, akatafuna kilichokuwa mdomoni, akakimeza, akachukua kipande kingine. Safari hii hakufunika mdomo.

Nilianza kulia, kwa hiyo nikamfuta Derick.

"Nice," mama alisema baada ya kula kidogo, "mwambie baba yako hizi ndizi zimepikwa na mtu mvivu. Hazijaiva katikati."

"Baba, bibi anasema—"

"Mwambie ugali nao una mabonge."

"Bibi, baba anasema—"

"Nimesikia. Mwambie pole." Na mama akacheka. Alicheka kichinichini, mabega yakitikisika, na mgongo wa Ndassa nao ukaanza kutikisika. Nice alikuwa anazunguka kati ya meza mbili kama tarishi wa serikali, amefurahi kupita kiasi, anarudia maneno ambayo kila mtu ameshayasikia. Walizungumza hivyo juu ya ng'ombe, juu ya mihogo ya Keza, juu ya mzee Abeli na meno yake. Sijawahi kuwasikia wakisema maneno mengi namna ile tangu niolewe. Mimi nilikula nyama iliyoganda mafuta na sikumbuki ladha yake, maana bado nilikuwa nahesabu kila kelele ya mgahawa ule nikiomba isimgeuze mtu shingo.

Sahani ya mama ilipobaki na mchuzi tu, aliacha kula. Akaufuta mkono wake kwenye ukingo wa sahani. Nikajua sasa anakuja kwenye lile jambo lenyewe.

"Leo ni leo tu," alisema, akinitazama mimi. "Hapa kuna ukuta wa mgahawa. Kwenu, Karista, jiko ni nguzo nne. Kila siku mumeo ale ametazama nini? Miti?"

Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kesho yake. Mama alikuwa ananitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniogopesha zaidi, kwa sababu ni ya mtu anayeaga.

"Nice," Ndassa alisema kutoka ukutani. Sauti yake ilikuwa imekauka, akakohoa, akaanza tena. "Mwambie bibi yako kwamba matofali yapo."

Nice alinitazama mimi.

"Mwambie niliyachoma kiangazi hiki. Ni jiko lake yeye, la peke yake, lenye kuta zote nne na mlango wa kufunga. Sikutaka kusema kabla, nisije nikaonekana namlazimisha. Muulize anataka mlango uelekee wapi, ili mimi nijue pa kutopita."

Yale matofali. Kiangazi kizima nimeyasonya. Nilimtazama yule mtu mgongo, shati lake limelowa jasho katikati ya mabega, na nilitamani kumkumbatia mbele ya madereva wote wa barabara ya Rusumo, na pia nilitamani kumpiga na sinia kwa kutoniambia.

Nice alipeleka ujumbe wote, kwa shida, akasahau katikati, akarudi kuuliza, akaendelea. Mama alisubiri mpaka neno la mwisho. Macho yake yalikuwa yamelowa, ila hakuyafuta.

"Uelekee migombani," alisema. "Na dirisha liwe dogo. Sipendi moshi, lakini sipendi na macho ya watu."

"Nitaanza kesho," Ndassa alisema. Alisahau kumtuma mtoto. Maneno yalikuwa yametoka yenyewe, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. Akagundua, akainamisha kichwa mpaka karibu kwenye sahani, na kwenye sahani yenyewe nikaona kwamba ugali wake bado ni mlima. Muda wote ule alikuwa amekula matonge mawili matatu tu kwa woga. "Wabeja, mayu," alinong'ona. Hiyo ni asante yao.

Mama hakugeuka. Alitazama mbele, akaukunja upindo wa khanga yake, akaukunjua.

"Kula, mwanangu," alisema. "Chakula kinapoa."

Nice akashuka kitini, akavuta pumzi, akafungua mdomo apeleke ujumbe kwa baba yake. Nikamziba kwa kiganja changu, chenye mchuzi hivyo hivyo.